Maswali Yenu: Mdakaji wa Besiboli Aliyeugeukia Utangazaji

Katika toleo lililopita nilimtaja kwa sentensi moja tu Tim McCarver, mdakaji wa besiboli wa Marekani ambaye alipostaafu aligeuka mchambuzi wa mchezo huo kwenye runinga, na ambaye alifariki Februari 16, 2023, akiwa na umri wa miaka 81. Sikutarajia kwamba mji wa kandanda kama huu wetu wa Mombasa ungeniandikia juu yake. Barua zimefika, na tatu kati yake zinastahili majibu marefu kuliko ile sentensi yangu.

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni kipa wa timu ya mtaa hapa Likoni, na kazi yangu ni ya zamu ya usiku bandarini. Kuanzia saa nane za usiku huonyeshwa besiboli kwenye runinga ya chumba chetu, na nimemwona mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago cha nyaya usoni na ngao kifuani. Mwenzangu aliyewahi kufanya kazi melini anasema watangazaji wengi mashuhuri wa mchezo huo, kama huyo McCarver mliyemtaja, walitoka katika nafasi hiyo. Je, ni kweli, na kama ni kweli, sababu ni nini? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mwenzako hakukosea. Mwaka 1964 timu ya St. Louis Cardinals ilikuwa na McCarver kama mdakaji wake wa kwanza, na Bob Uecker kama msaidizi wake. Wote wawili walikuja kupewa Tuzo ya Ford C. Frick, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa ya mtangazaji wa besiboli, Uecker mwaka 2003 na McCarver mwaka 2012. Kabla yao alikuwapo Joe Garagiola, mdakaji wa Cardinals walioutwaa ubingwa wa 1946, ambaye aliipata tuzo hiyo mwaka 1991. Uecker hakuwa mpigaji hodari, kwani wastani wake wa upigaji katika misimu 6 ulikuwa .200, yaani alifaulu mara moja katika kila mara tano. Hata hivyo, alizitangaza mechi za Milwaukee Brewers redioni tangu 1971 hadi msimu wa 2024, na mauti yakamfika Januari 2025 akiwa na miaka 90.

Sababu unaijua wewe mwenyewe kuliko wengi, kwa kuwa unasimama golini. Timu ya besiboli huwa na wachezaji 9 uwanjani. Wanane kati yao huelekeza nyuso zao kwa mpigaji, na mdakaji peke yake ndiye anayeuelekea uwanja wote. Yeye humwona mlinzi aliyesogea hatua mbili kushoto, humwona mkimbiaji wa wapinzani anayenyemelea besi ya pili (besi ni vituo ambavyo mkimbiaji huvipita kimoja kimoja ili afunge), na akiwa chini ya mpigaji huiona miguu yake na kutambua amejiandaa kwa mpira wa namna gani. Tena kwa miaka mingi ni yeye aliyempendekezea mrushaji mpira wa kurusha, kwa ishara za vidole alivyovificha katikati ya mapaja. Tangu 2022 ligi kuu imeruhusu kifaa cha kielektroniki kuifanya kazi hiyo ya ishara, lakini kufikiri kumebaki kulekule. Mrushaji yuko umbali wa mita 18 na nusu hivi, na mpira wenye mwendo wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kabla ya nusu sekunde kwisha. Kwa hiyo lolote la kuamuliwa lazima liamuliwe kabla mpira haujatoka mkononi. Mimi huufananisha uhusiano wao na ule wa nahodha na rubani katika lango la Kilindini: meli ni ya nahodha, na atakayeulizwa ikipanda mwamba ni yeye, lakini anayeujua mkondo na kusema sasa geuza ni rubani.

Mfano wa jirani zaidi ni mlinda wiketi wa kriketi, mchezo ambao umechezwa kwa vizazi katika Mombasa Sports Club, klabu iliyoanzishwa 1896. Wanaoikumbuka Februari 29, 1996, mjini Pune, Kenya ilipoishinda West Indies kwa mikimbio 73, hawajasahau jinsi Brian Lara alivyoondoka akiwa na mikimbio 8 baada ya mlinda wiketi Tariq Iqbal kuudaka mpira wa Rajab Ali. Mlinda wiketi naye huutazama uwanja kutoka upande ambao hauonwi na mwingine.

Sasa nimweleze McCarver mwenyewe. Alizaliwa Memphis, katika jimbo la Tennessee, Oktoba 16, 1941, akasajiliwa na Cardinals mwaka 1959 akiwa na miaka 17, na Septemba ya mwaka huohuo akaingia uwanjani katika ligi kuu. Mechi yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1980, na hivyo ni mmoja wa wachache waliocheza katika miongo minne tofauti. Mwaka 1964, katika fainali za World Series dhidi ya New York Yankees, alipiga kwa wastani wa .478, na katika mechi ya tano, iliyopita vipindi 9 vya kawaida na kuingia cha 10, aliupiga mpira ukavuka ukuta, wakimbiaji watatu wakafunga, na Cardinals wakashinda 5 kwa 2. Siku hiyo alikuwa bado na siku nne kutimiza miaka 23. Cardinals walitwaa ubingwa mwaka huo, na wakautwaa tena mwaka 1967, ambapo katika kura za mchezaji bora wa ligi yao McCarver alikuwa wa pili nyuma ya mwenzake wa timu, Orlando Cepeda. Mwaka 1966 aliongoza ligi kwa mapigo 13 ya kumfikisha besi ya tatu, jambo ambalo hakuna mdakaji aliyelifanya kabla yake katika zama za sasa, kwani magoti yanayochuchumaa kila siku hayana mbio nyingi.

Lakini shule yake halisi, kwa maoni yangu, ilikuwa Bob Gibson. Gibson alikuwa mrushaji mkali, asiyependa mtu amfuate kwenye kilima anachorushia mpira kumshauri, na inasimuliwa kwamba McCarver alipomwendea alimwambia arudi kwenye nafasi yake, kwa sababu kitu pekee alichokijua kuhusu urushaji ni kwamba ni vigumu kuupiga. Kulikuwa pia na umbali mwingine kati yao. McCarver alikulia kusini mwa Marekani wakati wa ubaguzi wa rangi, na Gibson alikuwa Mwafrika wa Marekani asiyevumilia dharau. Siku moja ndani ya basi la timu, McCarver alikuwa akinywa soda ya machungwa, na Gibson akamwomba anywe kidogo kutoka kwenye chupa hiyohiyo. Kijana akaitazama chupa, akamtazama Gibson, akababaika, kisha akajibu kwamba atambakishia. Gibson akacheka. Kisa hicho kilirudiwa mara nyingi na watu hao wawili baadaye walipokuwa marafiki wa kweli, na McCarver hakukificha, ingawa hakikumpamba.

Oktoba 2, 1968, Gibson aliwatoa wapigaji 17 wa Detroit Tigers kwa kuwakosesha, idadi ambayo hadi leo haijapitwa katika mechi moja ya World Series. Alipomtoa wa 15 na kuifikia rekodi ya Sandy Koufax, yeye hakujua, kwa sababu ubao wa matokeo ulikuwa nyuma yake. McCarver, aliyeuelekea ubao huo, alisimama na mpira mkononi akimwonyesha kwa kidole ageuke asome, huku Gibson akimpigia kelele amrudishie mpira. Hapo, ndugu yangu wa Likoni, ndipo ninapoliona jibu la swali lako: mmoja alikuwa akifanya jambo la historia, na mwingine ndiye aliyekuwa amekaa mahali pa kuliona.

Baada ya msimu wa 1969 McCarver aliuzwa Philadelphia pamoja na Curt Flood, ambaye alikataa kuhamishwa kama mzigo na kuipeleka ligi mahakamani. Flood alishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972, lakini kesi yake iliufungua mjadala uliowapatia wachezaji uhuru wa kuchagua waajiri. McCarver alikwenda. Alipita Montreal, akarudi St. Louis, akapita Boston, na akamalizia Philadelphia, ambako alikuwa mdakaji maalumu wa Steve Carlton, mrushaji aliyekataa kuzungumza na waandishi wa habari kwa miaka mingi. McCarver alizoea kusema kwamba wakifa watazikwa kaburi moja futi 60 na inchi 6 kutoka kwa jingine, yaani umbali uleule wa mrushaji hadi bamba la mpigaji. Jumla yake ni wastani wa .271 na mapigo 97 ya kuvuka ukuta, na yangekuwa 98 kama Julai 4, 1976, mjini Pittsburgh, hangempita mwenzake Garry Maddox kwenye njia ya besi baada ya kuupiga mpira ukatoka nje. Kwa kosa hilo yeye alihesabiwa ametolewa, wenzake watatu wakahesabiwa wamefunga.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Mji wa Kale. Sisi tulilelewa na redio, na sauti kama ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, ilitupeleka uwanjani tukiwa tumekaa barazani. Siku hizi wachambuzi hawafungi vinywa. Nimesoma kwamba hata huyo McCarver alilaumiwa kwa maneno mengi, na kwamba mchezaji mmoja alimmwagia maji. Kwa nini basi mmsifu? (Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale)

JIBU: Mwalimu wangu, lawama hiyo ilikuwapo, na kwa sehemu ilikuwa ya haki. Katika miaka yake ya mwisho alielezea hata yaliyojieleza yenyewe, na watazamaji wengi walichoka naye. Tena alipotolewa nje ya uwanja wake, kama mwaka 1992 alipoendesha matangazo ya jioni ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Albertville kwa kituo cha CBS, hakupata sifa alizozipata katika besiboli. Sitamtetea hapo.

Ila naomba tutenganishe kazi mbili. Mtangazaji wa redio, kama Mzee Mbotela, alikuwa macho yetu, na asingesema tusingeona kitu. Mchambuzi wa runinga anakaa kando ya mtu anayeona pia, kwa hiyo akirudia kilichoonekana amempotezea muda. Ana haki ya kusema pale tu anapoona kitu ambacho mtazamaji hakukiona, na bora zaidi, kabla hakijatokea. Kwa kipimo hicho nimemsifu McCarver, na usiku mmoja unatosha kunieleza.

Ilikuwa Novemba 4, 2001, mjini Phoenix, mechi ya saba na ya mwisho ya World Series kati ya Arizona Diamondbacks na New York Yankees. Matokeo yalikuwa 2 kwa 2 katika kipindi cha 9, Arizona wakipiga, besi zote tatu zikiwa na wakimbiaji, na mpigaji mmoja akiwa ameshatolewa. Mrushaji wa Yankees alikuwa Mariano Rivera, bingwa wa kuzifunga mechi za namna hiyo. Yankees waliwasogeza mbele walinzi wa ndani, ili mpira ukibiringika waurushe haraka kwa mdakaji na kumzuia mkimbiaji wa besi ya tatu asifunge bao la ubingwa. Huo ndio uamuzi ambao karibu kila kocha angeufanya. McCarver, akitangaza pamoja na Joe Buck kwenye kituo cha Fox, akasema kwamba hapo pana tatizo moja: mpira wa Rivera humwingia mpigaji wa mkono wa kushoto karibu na vidole, magongo huvunjika, na mipira hupaa kwa ulegevu na kuanguka nyuma kidogo tu ya walinzi wa ndani. Walinzi wakisimama mahali pao pa kawaida huudaka mpira kama huo bila taabu, lakini wakisogea mbele huanguka nyuma yao. Rivera akarusha. Luis Gonzalez, mpigaji wa kushoto, akaupiga vibaya kwa gongo lililopasuka, mpira ukaelea juu ya kichwa cha Derek Jeter, mmoja wa walinzi wa ndani wa Yankees, na kutua kwenye nyasi nyuma yake. Arizona wakawa mabingwa.

Naomba uangalie, Mwalimu, kwamba McCarver hakutabiri kama mpiga ramli. Hakusema Gonzalez atapata. Alisema mpira huu, kwa mpigaji wa mkono huu, na walinzi wakiwa wamesimama hivi, una mlango ulioachwa wazi. Ni hesabu ileile aliyoifanya akiwa amechuchumaa kwa Gibson na kwa Carlton, isipokuwa safari hii ishara za vidole ziligeuka maneno, na mamilioni wakazisikia.

Kuhusu maji: Oktoba 1992 Deion Sanders wa Atlanta Braves alicheza mechi ya kandanda ya Kimarekani Miami mchana, kisha akaruka kwenda Pittsburgh kuwa na timu yake ya besiboli katika mechi ya mchujo usiku. McCarver alisema hewani kwamba haikuwa sawa kwa wenzake. Braves walipofuzu, Sanders alimwendea katika chumba cha kubadilishia nguo akamwagia maji, si mara moja. Naona McCarver alikuwa na haki ya kusema alivyosema, na Sanders alikuwa na haki ya kukasirika, lakini si ya kumwaga maji. Jambo la maana kwangu ni kwamba mchambuzi huyo hakupunguza ukali wake hata kwa walioajiri sauti yake. Alizichambua mechi za New York Mets tangu 1983 hadi 1998, akiwakosoa waziwazi walipokosea, na mkataba wake ulipokoma watu wengi waliamini kwamba ukweli huo ulichangia. Msimu uliofuata alikuwa akizichambua mechi za Yankees, mtaa wa pili wa mji uleule.

SWALI: Kwako Mhariri. Mwanangu wa miaka 16 alikuwa kipa wa shule yake, akaumia goti, na daktari amemkataza kucheza mwaka huu. Sasa anashinda pembeni mwa viwanja vya mtaani akitangaza mechi na kujirekodi kwa simu. Baba yake anaona anapoteza wakati. Huyo mdakaji mliyemwandika alijifunzia wapi utangazaji? (Mama, Bamburi)

JIBU: Mama, pole kwa goti la kijana. McCarver hakuingia chuo cha utangazaji. Aliacha kucheza mwishoni mwa msimu wa 1979, na mwaka 1980 akaanza kuzitangaza mechi za Philadelphia Phillies, timu aliyotoka kuichezea. Septemba ya mwaka huo timu ilimrudisha uwanjani kwa mechi 6, na ndizo zilizomwingiza katika mwongo wa nne. Mwaka 1985 kituo cha ABC kilimwondoa mtangazaji mkongwe Howard Cosell siku chache kabla ya World Series, na McCarver akakalia kiti hicho. Kuanzia hapo hadi 2013 alichambua World Series 24, zaidi ya mchambuzi mwingine yeyote wa runinga. Mojawapo ilikuwa ile ya 1989, ambapo Oktoba 17, kule San Francisco, alikuwa akisimulia picha za mechi iliyotangulia wakati tetemeko la ardhi lilipoutikisa uwanja na matangazo yakakatika.

Kwa hiyo alijifunza kazini. Lakini kumbuka kwamba alianza kazi hiyo akiwa na misimu zaidi ya ishirini ya kufikiri mbele, na hilo ndilo ningependa mwanao alianze sasa, kwani muda anao. Kelele za "goooli" zinamfaa kila mtu. Yeye ana kitu ambacho mtangazaji wa kawaida hana: anajua kipa anaogopa nini. Anajua kwa nini kipa husogea hatua moja kabla ya penalti, na ni beki gani asiyesikiliza anapoitwa. Hayo hayaonekani kwenye picha, na ndiyo ninayoyasubiri kwa hamu ninapowasikiliza wachambuzi wetu wa Kiswahili, mara nyingi bila kuyapata.

Ampatie baba yake nafasi ya kuona kazi yenyewe. Anunue daftari. Kila inapopigwa kona, kabla ya mpira kuguswa, aandike sentensi moja ya Kiswahili safi akieleza mpira utakwenda wapi na kwa sababu gani, kisha aandike chini yake ulikokwenda. Asifute alipokosea. Baada ya mechi kumi asome daftari lote kwa sauti na kujirekodi, na rekodi hiyo, si ile ya kelele, ndiyo awapelekee watu wa redio hapa mjini. Goti halimzuii kukaa kwenye kigogo pembeni mwa uwanja, na mechi za Jumamosi huanza saa kumi.